Moyo Kwenye Waya wa Kilimani

“Sisimizi, hapa Kichuguu. Mgonjwa anakohoa.”

“Makohozi au damu?”

“Damu. Nenda.”

Kabla redio haijanyamaza, Sisimizi alikuwa ameshakanyaga mafuta. Motorola ikarudi kiunoni, jirani na bastola ya Glock. Land Cruiser ikapanda barabara ya udongo ikiyumba kama mlevi aliyekumbuka kwao.

Mchana kweupe, lakini ukungu ulikuwa umekilalia kilima mithili ya kuku aliyeatamia mayai.

Kwa asiyejua lugha ya Idara ya ujasusi: mgonjwa ni laini ya simu. Makohozi ni kelele za kawaida. Damu maana yake kuna masikio ya ziada.

Kule juu alikuwa amefichwa karani wa forodha. Mwanamke mmoja, miwani mikubwa, kumbukumbu isiyo na huruma. Yeye peke yake aliyaona makasha ya silaha yakipita bandarini kwa jina la vipuri vya matrekta, na yeye peke yake alikubali kulisema hilo mbele ya jaji. Mara mbili Idara ilijaribu kumhamisha. Mara mbili barabara ilikutwa na watu wenye bunduki, wametangulia, wametulia, wanavuta sigara.

Leo ilikuwa zamu ya tatu. Wakikosea tena, watamhamishia kaburini.

Simu za mkononi huko hazikushika hata ukipanda juu ya paa. Ilikuwapo simu ya waya tu. Waya wa shaba ulishuka kilima nguzo kwa nguzo hadi chumba cha nyuma cha posta ya zamani. Hapo ukaingia kwenye kisanduku kinachogeuza sauti kuwa data, kisha intaneti ikaibeba sauti hiyo hadi Kichuguu, makao ya Idara, masikioni mwa Bi Mkubwa, mkuu wao.

Fundi wa laini hiyo alikuwa shemeji yake Sisimizi, kaka wa mkewe. Mwezi uliopita aliteleza kwenye nguzo akafa.

Ndivyo walivyoambiwa.

Alikuwa mtu wa utani yule. “Jasusi gani anaogopa ngazi?” alizoea kumwambia. “Dada yangu ameolewa na jasusi wa chini ya meza.”

Alianzia posta, iliyonuka vumbi na karatasi zilizolowa. Sisimizi akachomoa waya wa shaba kwenye kisanduku, akachomeka simu yake ya kupimia laini.

Kimya. Sauti safi kama maji ya mtungini. Basi kisanduku hakina kosa, na intaneti haina kosa.

Akaurudisha waya.

Tiki.

Tiki.

Tiki.

Nywele za shingoni zikamsimama, zote, kama askari waliosikia filimbi.

Chini ya kilima palikuwa na kijumba cha chuma chenye viungio vya waya. Akakitenga kipande cha waya kinachopanda kilimani. Tiki zikakoma. Akakiunga. Zikaanza. Ugonjwa ulikuwa juu.

Karani alimfungulia mlango kwa ufa mwembamba.

“Wewe ndiye fundi?”

“Leo ndiyo, dada.”

“Kaka, hii simu ina mtu ndani.” Hakuwa anatania. “Nikinyamaza nasikia moyo wake unadunda. Mpagazi aliyeleta kuni anasema ni yule fundi aliyeanguka. Eti hajajua kwamba amekufa, bado yuko kazini.”

“Alikuwa mchapakazi.”

“Ulimjua?”

Sisimizi alichomoa simu ya karani ukutani, akabana ya kwake kwenye waya mtupu. Tiki. Tiki. Si kosa la simu ya nyumba.

“Nisikilize, dada. Leo lolote utakaloambiwa kwenye simu hii, itikia tu. Sema ndiyo, asante. Lakini usitoke. Atakayekuchukua atakuja kwa miguu na kubisha dirisha la jikoni.”

“Na wakija wengine?”

“Wengine hawabishi.”

Karani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. “Mara zote mbili mliniambia nitafika,” alisema. “Mimi sitaki kufika tu, kaka. Nataka nikifika niseme.”

Sisimizi akashuka kwa miguu akifuata nguzo. Mkononi alikuwa na kifaa ambacho Idara haijawahi kujivunia: redio ndogo ya mfukoni, masafa ya kati, aina wanayosikilizia mpira walinzi. Shemeji ndiye aliyemfundisha. Kelele ya waya hujimwaga hewani. Redio ikiisogelea, inalia zaidi.

Nguzo ya kwanza, redio ilinong’ona. Baada ya kona ikaanza kugonga.

Tiki. Tiki. Tiki.

Ukungu ukamfuata nyuma. Mara mbili aligeuka, akiwa na hakika kwamba kuna mtu anatembea naye kwa hatua zilezile. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na nguzo tu, zimejipanga kama waombolezaji.

Kisha redio ikapiga kelele. Sisimizi akainua macho.

Ghala la zamani la pamba. Bati limeshika kutu, madirisha yamezibwa. Na kulizunguka, uzio mpya wa umeme unaomeremeta, ule wa kuzuia ng’ombe, unaotuma pigo moja la umeme, unapumua, unatuma tena.

Hapakuwa na ng’ombe hapo, hata wa kuchora ukutani.

Basi moyo ulikuwa huo.

Lakini uzio wa kawaida hauingii kwenye simu kwa nguvu kiasi hicho. Lazima kuna mahali vimeshikana. Nguzo iliyokuwa karibu ilikuwa na makovu ya viatu vya chuma vya kupandia. Madogo, ya mpangilio, yakipanda. Halafu kovu moja refu, likishuka.

Sisimizi aliliangalia muda mrefu. Kisha akapanda, macho amefumba, akimtukana marehemu kwa kila hatua.

Juu, nyuma ya kikombe cha kauri kinachoshikilia waya, kilijificha kisanduku cha kijivu ambacho si cha posta. Waya mmoja ulitoka humo kuelekea ghalani: masikio ya ziada. Mwingine ulishuka ardhini hadi kwenye chuma kilichochimbiwa. Chuma hichohicho cha uzio, ndiyo maana mapigo yake yalipanda hadi kwenye simu.

Wezi walioiba kuku wakamfunga kengele.

Akashuka, akajibanza mtaroni.

“Kichuguu, Sisimizi. Mpigie karani kwa laini. Mwambie gari lake linapita njia ya kinu, sasa hivi.”

“Laini inasikilizwa?”

“Ndiyo maana.”

Bi Mkubwa akacheka kwa pua. “Na gari la kweli?”

“Lisubiri njia ya shamba. Mtu ashuke kwa miguu, abishe dirisha la jikoni. Vijana wengine wawahi kinuni.”

Mlio wa simu ukasikika kwa mbali. Muda mfupi baadaye lango la ghala likafunguka kwa kishindo. Magari mawili yakatoka mbio, yamejaa watu na bunduki, yakaelekea kinuni.

Lango waliliacha wazi. Haraka haina baraka.

Ndani, kati ya makasha ya vipuri vya matrekta, alibaki mmoja, kompyuta mbele, visikilizio masikioni, mgongo kwa mlango. Sisimizi akamvua visikilizio kwa mdomo wa Glock.

“Wewe nani?”

“Fundi simu. Kuna mtu amelalamikia kelele.”

“Mimi sijalalamika.”

“Mimi ndiye niliyelalamika. Mikono mezani. Niambie, mbona waya wako wa ardhini umeufunga kwenye chuma cha uzio?”

Mtu yule akameza mate. “Chini ni mwamba mtupu. Nilivunja nyundo. Nikaona chuma kipo tayari.”

“Uvivu.”

“Tiki zilisikika, ndiyo. Bosi akasema watu wataona ni shetani.” Akageuza shingo kidogo. “Yule wa kwanza naye aliuliza hivyohivyo.”

Chumba kikawa baridi.

“Yupi?”

“Wa nguzoni. Walimvuta miguu. Aling’ang’ania, akawa anasema, shemeji yangu atakuja, shemeji yangu atakuja. Nilidhani ni maneno tu ya mtu anayekufa.”

Kidole cha Sisimizi kikapata uzito. Risasi moja. Nani angeuliza, katika ukungu huu?

Lakini karani alikuwa na nusu tu ya ushahidi. Aliona makasha yakiingia. Huyu aliona yalikoishia, na namna fundi alivyouawa nguzoni.

“Utayasema hayo kwa jaji,” alisema. “Neno kwa neno. Na pale pa shemeji utapasema mara mbili.”

Pingu zikalia.

“Sisimizi, Kichuguu. Wageni wa kinuni wamepokelewa. Wote wamelala kifudifudi.”

“Karani?”

“Yuko garini, anateremka. Analalamika viti ni vigumu.”

“Mwacheni alalamike. Anapasha sauti.”

Vijana walipokuja kumchukua mfungwa, Sisimizi alitoka na koleo. Akapiga magoti kwenye nyasi mbichi, akaukata waya wa ardhini. Akabana simu yake kwenye laini, akasikiliza.

Hakuna tiki. Hakuna chochote. Kilima kizima kilikuwa kimeshika pumzi.

Akakunja nyaya zake, akasimama chini ya nguzo. Juu kabisa ukungu ulikuwa mzito, huwezi kujua kama kuna mtu au hakuna.

“Shuka sasa, shemeji,” alisema kwa sauti ya kawaida. “Kazi imekwisha.”

Akawasha sigara, akapanda kilima kulifuata gari lake. Hakugeuka kuangalia kama kuna aliyeshuka.