Keki Iliyolala

Sekela anakaa Tukuyu, juu milimani. Huko ukungu hushuka mchana, mweupe na laini, kama mtu anachekecha unga angani.

Leo jioni Mama anarudi kutoka kituo cha afya. Anarudi na mtoto mchanga. Sekela alimwahidi: "Mama, ukirudi utakuta keki."

Sekela ana miaka sita. Hajawahi kupika keki. Ila anaye Mjomba Ambakisye.

Mjomba alikuwa mpishi wa meli miaka ishirini. Amefika bandari nyingi mno. Hadi leo huunguza chai, na husema mwenyewe.

Mjomba akatoa karatasi mfukoni. Sukari, gramu mia mbili. Unga, gramu mia mbili na hamsini. Tena mayai, siagi na maziwa kidogo.

Sekela akauliza gramu ni nini. Mjomba akasema ni uzito, unapimwa kwa mizani. Lakini jikoni hakuna mizani. Kuna vikombe viwili vya bati, vinavyofanana kama pacha.

Mjomba akakuna kidevu. Akasema anakumbuka vizuri kabisa: kikombe kama hiki cha sukari ni gramu mia mbili. Basi na cha unga ni hivyo hivyo.

Kikombe kimoja cha sukari. Kikombe kimoja cha unga, na robo. Koroga, koroga, kro-kro-kro.

Makaa chini ya sufuria. Makaa juu ya mfuniko. Wakangoja, wakangoja.

Wakafunua. Keki haikusimama. Keki ililala. Katikati imebonyea kama mto wa kitandani. Ikapumua: puuu.

Mjomba akaionja kwa kijiko. Akasema amewahi kuharibu uji mwingi, lakini huu ndio mtamu kuliko wote.

Sekela hakucheka. Mama yuko njiani. Na unga uliobaki ni wa keki moja tu.

Sekela akakaa kwenye kigoda. Akajaza kikombe kimoja sukari. Akajaza kingine unga. Akavibeba, kimoja kila mkono. Akafumba macho.

Mkono wa sukari ukashuka, shuuu. Mkono wa unga ukaelea, fuuu, kama ukungu.

"Mjomba," akasema polepole. "Kikombe ni kile kile. Uzito si ule ule."

Mjomba naye akavibeba, akafumba macho.

"Miaka ishirini," akasema, "na hakuna aliyeniambia nifumbe macho."

Wakabeba unga na kikombe. Wakaingia ndani ya ukungu, hadi dukani kwa Mama Ipyana, kwenye mizani.

Sekela akamwamkia, akaeleza habari ya keki kulala. Mama Ipyana akacheka mpaka akashika kaunta. Akamuuliza Mjomba kama kule melini watu walikuwa wanakula, au wanasali tu.

Kisha akaweka jiwe la robo kilo kwenye mizani. Hiyo robo ndiyo gramu mia mbili na hamsini. Ko! Upande mmoja ukashuka.

Sekela akachota unga. Mama Ipyana akamwambia asiushindilie, auache ukae wenyewe. Kikombe kimoja, upande wa pili wa mizani. Jiwe halikusogea.

Kikombe cha pili. Jiwe likapanda, pole, pole. Mizani ikayumba. Ikayumba. Ikatulia.

Sawasawa.

"Unga vikombe viwili," Sekela akanong'ona. "Sukari kimoja. Kikombe ni kile kile. Uzito si ule ule."

Nyumbani, vikombe viwili vya unga. Kimoja cha sukari. Koroga, koroga, kro-kro-kro. Makaa chini. Makaa juu.

Harufu ikatoka mlangoni. Ikapita kwenye migomba. Ikamkuta Mama njiani, ikamshika mkono, ikamleta.

Wakafunua mfuniko. Keki imesimama. Imesimama kabisa, na mashavu ya kahawia.

Mama akala kipande. Akala cha pili. Akauliza nani kapika. Mjomba akamwonyesha Sekela kwa kidevu.

"Ni mimi, Mama," Sekela akasema. "Mjomba alikoroga."

Sekela akapanda kitandani kwa Mama. Alitaka kumweleza yote. Akafungua mdomo, ukatoka mwayo.

Mtoto mchanga amelala upande huu. Sekela amelala upande ule. Katikati, Mama akamega kipande cha tatu, taratibu, asiwaamshe.