Utepe wa Uzinduzi

Saa kumi na moja jioni kamera ya darubini ilikutwa inafuka moshi, kifuniko kina tundu la kuingia ngumi. Vioo vilikuwa vimeinuliwa, vimelikabili jua. Darubini ile ya kunasa miale ya gama ilikuwa izinduliwe kesho yake. Vioo vyake hukusanya mwanga hafifu wa usiku na kuutupia kwenye kamera iliyo mbele yake, inayopanda na kushuka pamoja navyo. Mchana huinamishwa, maana jua likivipata, kamera inaungua.

"Fundi alisahau kuviinamisha alfajiri," alisema Mkurugenzi wa kituo. "Akiri, aondoke salama."

Fundi wa vioo alimkazia macho. "Sikiri ng'o! Kazi yenu chukueni. Jina langu hamlipati."

Mpelelezi, mama mmoja asiyependa kuharakishwa, aliokota chini ya kamera kipande cha utepe mwekundu kilichoungua.

"Huu nani aliufunga?"

"Dada Fundi, leo alfajiri," alijibu mlinzi. "Wa uzinduzi. Mimi ndiye niliyemshikia ngazi."

"Ngazi ile inafika kule juu?"

"Wapi, mama! Kamera ilikuwa chini, vioo vimeinama. Vikiinuka, labda upande na ndege."

"Au viliinuka wewe umelala?"

"Kulala nalala, sikatai. Ila leo saa tisa Bosi alinituma mjini nikalete maji ya wageni."

Mkurugenzi akaapa kwamba hakutoka ofisini mchana kutwa.

Simu ya Mpelelezi ikalia. Mkuu wake alikuwa ameandika: funga kesi hiyo, kesho tumealikwa. Akaambatanisha kadi ya mwaliko aliyotumiwa saa kumi. Lo! Mkurugenzi huyo kwenye picha, kifua mbele, nyuma yake vioo vimeinuliwa, na kwenye kamera utepe mwekundu, mzima.

"Njia ya mwongo fupi," alisema Mpelelezi, akimwonyesha simu. "Utepe ulifungwa vioo vikiwa chini. Hapa viko juu, na utepe upo. Nani aliviinua, Mheshimiwa?"

Mkurugenzi akafuta jasho. "Vikiinama havipendezi pichani. Nilitaka picha moja tu. Nikajipiga kadhaa, nikaenda kuchagua iliyonitoa vizuri, nikajisahau. Niliporudi, moshi! Ningewaambia nini wakubwa? Jamani, tuyamalize kimyakimya. Kesho wageni..."

"Waje!" alisema Fundi. "Tundu nitawaonyesha mimi. Na wewe utasimama hapo hapo ulipopigia picha, uwaeleze."

Mpelelezi akamjibu mkuu wake: kesi imefungwa, mwaliko tumeupokea.