Shati Chini ya Joho

Shati lilinuka tope. Lilikuwa limetoka kupigwa pasi, kola imesimama vizuri, lakini Jaji Wakoli alipolivaa alisikia harufu ya shamba la mpunga lililooza majini. Akamgeukia karani wake.

"Zadock, hili umelitoa wapi?"

"Kwa stoo ya vielelezo, Mzee. Ni ya kesi ya wizi, iliisha zamani. Iko na katundu kidogo tu hapo mgongo. Ukivaa koti juu, nani ataona?"

Tuseme ukweli, jaji alijitakia mwenyewe. Kwa joto la Kisumu, chini ya joho lake jekundu hakuwa akivaa shati. Alivaa fulana iliyochakaa, na shingoni akabandika ile kola ngumu ili watu wadhani kuna shati zima. Sasa asubuhi hiyo mkubwa wake alitokea ghafla kutoka Nairobi kunywa chai ofisini, mahali ambapo majoho huvuliwa, ikabidi Zadock amtafutie shati upesi. Chai ikanywewa, mgeni akaenda zake, na jaji, akiwa amechelewa, akavaa joho juu ya shati lile lile akaingia mahakamani.

Kesi ilikuwa ya mauaji. Amolo, mkulima wa Ahero, alishtakiwa kumchoma kisu jirani yake Absalom wakigombania zamu ya maji ya mpunga. Shahidi alikuwa mmoja tu, Ouma, ndugu wa marehemu. Mjane, Seline, alikaa benchi la mbele. Kwa mila, wa kumrithi alikuwa shemeji yake, huyo huyo Ouma.

"Amolo alimdunga kifua," Ouma alisema. "Mimi nilikuwa nyuma ya ndugu yangu, nikaona yote."

"Nilikuwa mbele yake, ndiyo, lakini mkono yangu ilikuwa tupu," Amolo alijibu. "Alianguka akiniangalia. Nyuma yake alikuwa Ouma peke yake."

Mafuriko yaliuchukua mwili, na ulipopatikana daktari hakuweza kusema kisu kiliingilia wapi. Wakili wa Amolo akaomba shati la marehemu lionyeshwe, watu waone tundu liko kifuani au mgongoni. Polisi walikuwa wamelileta likiwa limefungwa kwa gazeti, na hakuna aliyewahi kulikagua. Askari akaenda stoo, akarudi mikono mitupu. Zadock akainamisha kichwa na hakukiinua tena.

Ndipo Wakoli aliposikia kidole. Kilikuwa baridi, kimelowa, kikapenya kwenye lile tundu na kutulia juu ya mgongo wake, na nyuma ya kiti chake palikuwa na ukuta tu. Wajaluo humwita jachien, mfu aliyedhulumiwa anayerudi. Sisi wengine tunasema jini na kufunga madirisha. Sauti ikamjia sikioni.

"Vua."

Akaahirisha kesi kwa muda, akakimbilia ofisini. Vifungo vilikataa kufunguka. Zadock akaleta mkasi, ukateleza kwenye kitambaa na kutoka umelowa maji ya tope.

"Nilikosea rafu, Mzee, hili ndilo shati la marehemu," alinong'ona. "Tafadhali usiseme. Mimi nitafutwa, na wewe watakuandika kwa gazeti."

"Anataka nivue mbele ya watu."

"Jaji avue nguo kortini? Na hiyo fulana yako iko ndani?"

Wakoli akarudi kitini. Alipofungua kinywa kusoma uamuzi, kidole kikawa mkono mzima, na mkono ukampapasa mgongo polepole mfano wa kipofu anayetafuta mlango, na maji yakamtiririka mpaka kwenye soksi, na lile neno likarudiwa tena na tena, vua, vua, vua, kwa upole wa mtu anayeomba wala haamrishi, na yeye akasoma kwa sauti ya juu zaidi ili asilisikie, akasema ushahidi hautoshi, Amolo yuko huru.

Akajiona mjanja. Amolo ameokoka na hakuna aliyeona kitu.

Seline alimsubiri nje kwenye veranda.

"Mzee, nisamehe kuuliza," alisema kwa sauti ya chini. "Kama si Amolo, ni nani aliua baba ya watoto wangu?"

Ouma alisimama nyuma yake, amembebea kikapu. "Twende, mama. Gari itatuacha."

Mkono ulikuwa mgongoni bado, umetulia, unangoja. Lilikuwa jambo la kufungua joho tu. Wakoli akafikiria fulana ile, akafikiria gazeti, akashika joho lake kifuani kwa mikono miwili.

"Mahakama haikupata ushahidi, mama," alisema.

"Basi," ilisema ile sauti.

Baridi ikamtoka mgongoni. Alipofika ofisini vifungo vilifunguka kwa mguso mmoja, na shati lilikuwa kavu, halina harufu yoyote. Zadock alimshukuru Mungu. Wakoli hakuweza hata kumtazama karani wake kwa aibu, maana mfu mwenyewe alikuwa amemkatia tamaa, na kupitia dirishani alimwona Seline ameshapanda gari, amekaa bega kwa bega na Ouma.