Nani Anakwangua Ukuta?

Fundi cherehani alikuwa akishona karibu na dirisha. Mchana ulikuwa kimya. Hata kuku walikuwa wamejilaza kivulini. Mara akasikia tena: kwaru, kwaru, kwaru.

Alisimamisha cherehani. Sauti nayo ikakoma. Alipoanza kushona, ikarudi. Ilitoka chumbani kwa mwanawe.

Aliingia polepole. Mtoto alikuwa ameketi mkekani, ameupa mlango mgongo. Hakugeuka. Chini ya ukuta wa udongo palikuwa na shimo la kuingia ngumi. Jana lilikuwa dogo.

"Panya," alijiambia. Lakini panya gani huacha alama za vidole?

Mtoto huyo alikuwa na mwaka na nusu. Majirani walimwita Kibabu, maana uso wake ulikuwa wa kizee. Halii, hacheki, hasimami. Ukimweka mahali, utamkuta palepale, anakutazama kama mtu anayekujua tangu zamani.

"Una bahati, mtoto hasumbui," wageni walisema.

Mama mkwe hakusema hivyo. Alipoliona shimo, alinong'ona, "Mwanangu, kuna kitu humu ndani. Kinamla mjukuu wangu taratibu, na sisi tunatazama."

"Mama, usinitishe."

"Sikutishi. Mimi mwenyewe naogopa. Huoni nimeshika mwiko?"

Fundi cherehani alishindwa kucheka. Alikwisha kuzika mtoto mmoja. Mzaliwa wake wa kwanza alipaliwa na punje ya hindi, akafia mikononi mwake. Tangu hapo, uji wa Kibabu aliuchuja kwa kitambaa, akauchuja tena, mpaka ukawa kama maji. Zaidi ya uji huo, alimpa titi tu. Mama mkwe hakumlaumu. Kila jioni alikifua kitambaa kile bila kuombwa.

Siku hiyo walimwita jirani yao, mhudumu wa afya. Alisikiliza mambo yote, kisha akasema, "Tukae kimya nyuma ya pazia."

Walikaa. Kwaru, kwaru. Mkono mdogo ulikuwa ukikwangua ukuta. Kisha mkono ukaenda mdomoni.

"Ni yeye," mama mkwe alisema. Mwiko ukamponyoka.

"Ni yeye, mama," mhudumu alijibu. "Watoto waliopungukiwa damu mara nyingi hula udongo. Na udongo una minyoo."

Mhudumu alimshika Kibabu, akatazama viganja vyake. Vilikuwa vyeupe. Alimzungushia mkononi utepe wa kupimia. Utepe ukaonyesha rangi ya njano.

"Amekonda. Kesho mapema tumpeleke kliniki apimwe damu, apewe dawa. Anakula nini?"

Fundi cherehani akaleta kikombe. Mhudumu akachota kijiko, akakiinamisha. Uji wote ukamwagika.

"Mdogo wangu, tumbo lake ni dogo. Ukilijaza maji, chakula kitakaa wapi?"

"Nikimpa kizito atapaliwa." Alikikumbatia kikombe. "Siwezi kuzika mwingine, dada."

Mhudumu akamshika mkono. "Najua. Tulilia pamoja siku ile. Hatutampa punje. Tutaponda. Na atakula ameketi, wewe ukimtazama."

Walipika uji mzito, usiomwagika kwenye kijiko. Mhudumu akachanganya karanga zilizosagwa laini kabisa. Akaponda maharage yaliyoiva vizuri na mboga za majani.

"Siku nyingine mpe yai lililoiva, au samaki asiye na miiba, na tunda laini. Mlishe mara tatu au nne kwa siku, na kitu kidogo katikati. Titi liendelee. Na mikono ioshwe kwa sabuni."

Fundi cherehani alinawa, akapeleka kijiko mdomoni mwa mtoto. Kibabu akafumba mdomo, chakula kikiwa ndani. Macho yakamtoka.

Koo lake likapanda, likashuka. Amemeza.

Kesho yake, kliniki walithibitisha upungufu wa damu. Walimpa dawa ya kuongeza damu na ya minyoo, wakapanga siku za kumpima tena. Uzito ulipanda kidogokidogo. Mashavu yakajaa. Akaanza kusimama kwa kushika kiti cha cherehani.

Asubuhi moja chakula kilichelewa. Kibabu akalia, sauti ikafika barabarani. Mgeni aliyeleta nguo akaziba masikio.

"Huyu mtoto wako msumbufu kweli," alisema.

Mama mkwe alikuwa tayari anaponda maharage. Fundi cherehani alisimama akisikiliza, machozi yakimtoka.

"Mwache," alisema. "Mwache anisumbue."