Milango Minne ya Shemeji

"Sindano, unanipata?"

"Nakupata."

"Mzigo unaondoka leo mchana. Usiuguse. Tunamtaka mnunuzi," alisema mkuu wake wa upelelezi.

Sindano alikuwa amejibanza nyuma ya tangi la maji nyumbani kwa shemeji yake, simu sikioni, spana mfukoni, bastola aina ya Glock kiunoni chini ya ovaroli.

"Nani anamfuata shemeji?"

"Wewe. Akijua anafuatwa, atageuza njia na mzigo tutausikia kwenye bomba. Halafu kuna jambo jingine. Anamchukua dada yako."

"Wa nini?"

"Mwanamke akikaa mbele, askari wa kizuizi cha barabarani hawapekui sana. Akishavuka mto hana haja naye tena. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Alikata simu. Akaingia gerejini.

Ukoo mzima ulijua kwamba Sindano anauza vipuri vya magari. Duka lilikuwepo kweli, na vumbi lake. Ndiyo maana shemeji alimwita yeye, si fundi wa mtaani mwenye mdomo mrefu.

Ndani ya gereji ilisimama Jeep Wrangler nyeusi, gari ambalo milango yake yote hutoka. Pembeni yake lilikuwa sanduku la mbao, refu kupita upana wa gari. Shemeji alisema ni pampu ya kisima.

Haikuwa pampu.

Ulikuwa mtambo wa kuvuruga mawasiliano ya ndege. Ukiuwasha karibu na uwanja, rubani anashuka kama mtu aliyefungwa kitambaa usoni.

"Toa milango ya nyuma tu, shemeji," alisema mwenye gari. Alikuwa mtu wa kucheka kwa meno, macho hayamo. "Sanduku lilale kwenye kiti, huku na huku litokeze kidogo. Nitalifunika turubai."

"Unapita darajani?"

"Darajani kuna foleni. Napita mtoni, pale penye maji machache."

"Basi toa yote minne."

"Kwa nini?"

"Maji yakikuta mlango umefungwa yanalisukuma gari. Milango ikitoka, yanaingia huku yanatokea kule. Au unataka pampu yako iende kuogelea?"

Shemeji alifikiri. Akatikisa kichwa kukubali, shingo upande.

Sindano alipiga magoti. Akachomoa soketi ya nyaya. Akafungua mkanda unaozuia mlango. Akalegeza boliti za bawaba, moja baada ya nyingine, kwa spana ya nyota.

"Dada, njoo unishikie huku. Nyanyua, usivute."

Dada yake alikuja amenuna. Hakuwahi kumpenda mtu mwenye siri, na mdogo wake wa kike alikuwa nazo tele.

"Mnaweka chini wapi? Si kwenye blanketi langu!"

"Nitakununulia jingine."

"Wewe? Hata sukari hujawahi kuja nayo."

Waliubeba mlango hadi ukutani. Shemeji alikuwa akikaza kamba za sanduku. Sindano alimsogelea dada yake sikioni.

"Mtoni gari litapunguza mwendo. Ruka."

"Umepatwa na wazimu?"

"Anakwenda kuuza kitu cha kuua watu. Hatakurudisha."

Dada alimtazama kwa chuki ambayo ni ndugu tu wanaojua kuitumia.

"Tangu niolewe unanionea kijicho. Leo umekuja na spana kunivunjia nyumba."

"Muulize mbona amepakia begi lake peke yake."

Dada aligeuka, akalitazama begi pekee lililokuwa garini. 

Mlango wa mwisho ulikuwa wa dereva. Sindano alikuwa ameshika boliti ya mwisho shemeji alipogeuka ghafla.

"Ngoja. Na vioo vya pembeni?"



"Vimeshikana na milango. Vinakwenda nayo."

"Nitaonaje nyuma? Sanduku limeziba kioo cha ndani."

Sindano alijifuta jasho, taratibu, kama mtu asiye na haraka na dunia.

"Shemeji, wewe unapeleka pampu. Nani atakufuata?"

Mke alimgeukia mume, akisubiri jibu. Swali lilikuwa jepesi. Mwenye pampu angecheka tu.

Shemeji hakucheka. Uso wake ulibadilika, ukajirudi, na mkewe aliyaona yote mawili.

"Hakuna," alisema mwishowe. "Toa."

Sindano akatoa.

Yamaha, pikipiki yake, ilikuwa imefichwa kwenye kichochoro. Aliacha Jeep itangulie, dada yake akiwa kiti cha mbele, kisha akaingia nyuma yake, karibu kabisa na turubai. Vumbi lilimjaa kooni. Hakuna aliyemwona.

"Sindano, uko wapi?" mkuu aliuliza kwenye redio ya sikioni.

"Mkiani."

"Mnunuzi amefika ng'ambo. Ni mgeni mwenye kofia nyeupe. Gari lake linaunguruma. Tumemzunguka."

"Msitoke mpaka niseme."

Kizuizini askari alimwona mwanamke, akasalimia, akafungua njia. Mjinga wa watu.

Kisha mto.

Jeep iliingia majini polepole. Maji yalipanda, yakapita sakafuni, yakatokea upande wa pili.

Ruka, Sindano aliomba. Ruka, dada yangu.

Dada hakuruka. Alikaa wima kama mtu aliyegoma.

Sindano aliingia majini. Injini ya Yamaha ilikohoa kwa sauti.

Shemeji aliisikia. Alichomoa bastola kwenye soksi. Akafungua mkanda wa kiti ili ageuke. Sanduku likamzuia. Akashika nguzo ya gari, akajitoa nusu mwili nje, pale ambapo mlango ungekuwepo, akachungulia nyuma.

Akamwona shemeji yake.

Akainua bastola.

Ndipo mkewe alipoegemea kiti, akakunja miguu yote miwili na kumpiga teke la mbavuni.

Pah!

Shemeji alitoka mzima mzima. Bastola ilikwenda na maji. Alipoibuka akitema tope, Glock ilikuwa inamsubiri.

"Tulia, shemeji. Mbio za sakafuni zimefika ukingoni."

Dada akavuta breki ya mkono. Gari likasimama.

Ng'ambo, yule wa kofia nyeupe alikimbilia majini kuokoa sanduku lake. Tamaa ilimponza.

"Sasa," alisema Sindano redioni.

Vichaka viliota askari. Mgeni na shemeji walipigwa pingu maji yakiwa magotini.

Sindano alimshika dada yake mkono amshushe. Dada aliuchomoa. Alishuka mwenyewe, nguo zimelowa.

"Ulijua tangu lini?"

Angeweza kudanganya. Kazi yake ilikuwa hiyo.

"Kabla ya harusi."

"Kabla?"

"Tulihitaji mtu ndani ya nyumba yake. Mtu asiyejua kitu."

Maji yaliendelea kupita ndani ya gari. 

"Siku ya harusi ulinipaka manukato kwa mikono yako," alisema dada. "Ulilia ukisema ni furaha."

Sindano alinyoosha mkono tena. Dada akarudi nyuma.

"Usikanyage kwangu. Hata nikifa, usije."

Alipanda ukingo peke yake na kukataa blanketi la askari.

Redio ilikwaruza.

"Sindano, kazi safi kabisa. Dada mzima?"

"Mzima."

"Basi furahi! Anasemaje?"

Sindano aliizima. Akaingiza Glock kiunoni, akavaa helmeti na kushusha kioo chake cheusi, kisha akaanza kutembea kuelekea kwenye pikipiki. Alikwenda bila haraka, mabega sawa. Askari walimpisha, wakanong'onezana kwamba yule mwanamke wa pikipiki hana moyo.