Dizeli ya Gasto

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Loyce alifagia uwanja, akawafungulia kuku, kisha akafuta vumbi kwenye pikapu ya baba yake, Mzee Urbano. Pikapu hiyo ilikuwa na umri mkubwa kuliko Loyce, lakini pale kijijini Ulemo ilibeba alizeti, wagonjwa na hata maharusi. Kazi aliyojivunia zaidi ilikuwa kumimina dizeli kwenye tangi. Baba hakumwamini mtoto mwingine kwa kazi hiyo.

Siku hiyo hakwenda shule. Ilikuwa siku ya mwisho ya madaktari wa macho waliokuja Singida mjini. Bibi Kristina, ambaye siku hizi aliwatambua wajukuu wake kwa sauti tu, alitakiwa kufika kabla ya saa nane mchana. Loyce ndiye angemshika mkono.

"Dumu lile nililonunua kwa Gasto, limimine lote," baba alisema, akaenda kuoga. Gasto alikuwa kijana aliyeuza dizeli pale kijijini.

Loyce alifungua kifuniko, mara akamsikia jirani yake Scola akimwita wacheze rede. Aliliacha dumu wazi. Aliporudi, mbuzi alikuwa ameliangusha na nusu ya dizeli ilikuwa imezama ardhini. Neno moja tu kwa baba lingetosha. Badala yake alifukia doa kwa mchanga, akaingia stoo na kujazia dumu kwa mafuta ya alizeti yaliyotoka kukamuliwa. Si yote ni mafuta? alijiambia. Akayamimina kwenye tangi.

Walipita Misigiri bila tatizo. Mbele kidogo, gari likaanza kukohoa na kutoa moshi mweupe.

"Nani anakaanga maandazi huku porini?" Bibi aliuliza.

Baba alicheka. Loyce hakucheka. Gari likazima, wala halikuwaka tena.

Fundi Emilian, aliyeitwa na baba kwa simu, alifika kwa bodaboda kutoka Misigiri, akamwamkia Bibi, kisha akafunua boneti. "Washa nisikie, Mzee Urbano." Injini ilizunguka kwa nguvu bila kuwaka. "Betri ni nzima." Akaangalia maji ya rejeta, akapima oili. Vyote vilitosha. "Basi haipati dizeli." Alifungua chujio, akalikuta limeziba kwa uchafu mzito unaonata.

"Dizeli hii imechakachuliwa," alisema.

Baba alikuwa ameshapiga simu. "Gasto! Mwizi wewe! Mama yangu anapofuka kwa tamaa yako!"

"Mzee wangu, haki ya Mungu sijachanganya kitu," Gasto alisihi. Baba akakata simu.

Loyce aliona aibu hadi masikio yakamchoma. Gasto hakuwahi kumpunja mtu.

"Ningejua kilichochanganywa ningemaliza upesi," fundi alisema. "Nikibahatisha, saa nane itatukuta hapahapa."

Loyce alimtazama Bibi, aliyekuwa ametulia akiwaamini wote.

"Ni alizeti," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi, baba. Gasto hana kosa."

Baba hakumgombeza. Aliitazama simu iliyokuwa mkononi mwake. Loyce alitamani achapwe.

Emilian alimwaga mafuta yote, akasafisha chujio, akaagiza dizeli nyingine na kutoa hewa kwenye mipira ya dizeli. Injini ikawaka. Walifika hospitali saa nane kasoro robo, na Bibi akatolewa mtoto wa jicho.

Siku iliyofuata waliporudi Ulemo, walisimama kwa Gasto. Loyce hakuweza kuinua uso.

"Shikamoo kaka Gasto. Nisamehe. Niliharibu mimi."

Baba akavua kofia. "Na mimi nisamehe. Nilikutukana kabla ya kuuliza." Loyce hakuwahi kumsikia baba yake akimwomba radhi kijana. Aibu yake ikawa maradufu.

"Nimewasamehe," Gasto alisema. "Lakini ile simu ilisikika. Wateja waliokuwa hapa waliondoka, na tangu jana hajaja mtu. Nani atawaambia ukweli?"

Bibi, jicho moja likiwa na bandeji, aliita kutoka kwenye gari. "Loyce, dizeli kumwagika ilikuwa bahati mbaya. Ungesema, tungenunua nyingine tukaondoka. Kosa likifichwa haliishi, mjukuu wangu. Humwangukia asiyehusika. Basi nenda ukamtue Gasto mzigo wako, nyumba kwa nyumba."

Loyce alifuta machozi, akaanza kutembea peke yake. Nyuma yake akasikia mlango wa gari ukifungwa.

"Nisubiri," baba alisema. "Aliyemwita mwizi ni mimi."