Zita Iliyolia Kabla ya Mpigaji Kupanda

Msiniulize nani kanisimulia. Nilikuwepo mwenyewe, meza ya karibu na jiko la kuni, na macho yangu hayajawahi kunidanganya hata nikiwa nimelewa.

Roswitha, mpiga selo, lile zeze kubwa la upinde, wa Ottakring kule Vienna, alikuwa na hasira tangu mchana. Mwenye baa alikwisha kumwonya: wageni wakitoroka tena kabla ya mwisho, ukumbi wa juu wanamopigia anawapa wacheza karata. Na katika nusu ya kwanza ya onyesho meza nzima ilikwisha kuondoka, ati klarineti inawakwaruza meno.

"Shemeji, unapuliza kama unapoza uji," alimwambia Alois wa klarineti.

"Nawe valsi umeikatakata kama soseji. Linganisha nyuzi zako, uniache."

Kwao sauti ya kulinganishia hutolewa na zita, ndugu yake kanuni ya taarabu, maana nyuzi zake ni tele na hakuna mwenye subira ya kuzikaza upya. Roswitha alikuwa ameipa mgongo ilipolia. Ilikuwa chini kidogo. Akasonya, akalegeza selo, Alois naye akaivuta klarineti yake irefuke ishuke sauti, wakaifuata.

Harufu ya nta na udongo mbichi ikapanda.

Burgl, mwenye zita, akaingia na kikombe cha kahawa. "Mmelinganisha na nani?"

"Na wewe, mama. Usinichekeshe."

"Mimi nilikuwa chini, Roswitha. Nani kaigusa?"

Upinde ukaanza wenyewe ukimvuta mkono Roswitha, na Alois akapuliza huku katoa macho kama anayenyongwa, na zita ikalia bila kidole juu yake, ngoma ya wavuna zabibu ikigeuka wimbo wa mazishi, na wa mazishi ukigeuka kitu ambacho binadamu hajapata kukipiga, na wageni, wale wale watoro, wakakaa kimya wakibubujikwa machozi, vijiko vimesimama hewani, na Roswitha, Mungu amsamehe, akafurahi.

"Legeza nyuzi," Burgl alinong'ona. "Umeipokea sauti ya huyo aliyeigusa. Irudishe."

"Kwa mara ya kwanza wametulia, Burgl. Niache nimalize."

"Watazame. Hawapumui."

Akatazama. Midomo ya mwenye baa ilikuwa ya bluu. Roswitha akalia kwa uchungu, akavishika vigingi vya selo kwa mkono wa kushoto, akavizungusha mpaka nyuzi zikalala kama tambi. Upinde ukaanguka. Zita ikanyamaza. Wageni wakavuta pumzi, wakashuka ngazi wakikanyagana, na ukumbi ukaenda kwa wacheza karata.

Yote hayo niliyaona. Nililobuni ni moja tu: pale niliposema zita ikanyamaza.